Lori Mbele ya Jumba la Mafuta

Mkanda wenyewe ni mfupi. Ukiuwasha wakati maharage yanabandikwa jikoni, utakuwa umekwisha kabla hayajaiva. Jina lake ni Black Rain Falls, yaani mvua nyeusi inanyesha, na ndani yake mna bendi ya Australia iitwayo Midnight Oil ikipiga nyimbo chache juu ya lori, mchana kweupe, katika barabara ya sita ya jiji la New York, tarehe 30 Mei 1990. Hakuna ukumbi, hakuna tiketi, hakuna pazia. Nyuma ya wanamuziki kimetandazwa kitambaa kirefu chenye maandishi, na hapo hapo kando yao limesimama jumba la ghorofa 54 ambalo watu wa jiji lile walilijua kwa jina la kampuni ya mafuta ya Exxon.

Nimeutazama mkanda huu mara nyingi kuliko inavyomfaa mtu wa umri wangu, na kila mara hapakosi jamaa wa kuuliza: hivi unaelewa nini katika makelele hayo? Swali ni la haki. Masikio yetu yamelelewa na muziki wa dansi, ambamo magitaa huongea kwa zamu na kila mmoja husubiri mwenzake amalize. Roki haina subira hiyo. Lakini kelele nazo zina sababu zake, na sababu ya kelele hizi ilikuwa imeanza mwaka mmoja na miezi miwili kabla, mbali sana na New York.

Usiku wa kuamkia tarehe 24 Machi 1989, meli ya mafuta Exxon Valdez iligonga mwamba wa Bligh katika ghuba ya Prince William, jimbo la Alaska. Tumbo la meli likapasuka, na mafuta ghafi zaidi ya lita milioni 40 yakamwagika baharini. Pwani ile si ya mchanga mweupe kama tuijuavyo sisi. Ni ya mawe na kokoto, na maji yake ni ya baridi kali, kwa hiyo mafuta yaliingia chini ya mawe yakakaa. Ndege wa baharini walikufa kwa mamia ya maelfu, na wanyama wa majini wenye manyoya, ambao uhai wao wote unategemea manyoya hayo kuwa safi, walikufa kwa maelfu. Wavuvi wa mji mdogo wa Cordova walipoteza msimu wao, kisha baada ya miaka michache samaki aina ya heringi wakatoweka karibu kabisa. Yote haya ni mambo ya kumbukumbu za hadharani, sihitaji kuyapamba.

Sasa basi. Huku kwetu tumezoea kupima wimbo kwa maudhui. Tangu madarasani mwalimu hutuuliza: dhamira ni ipi, msanii ana msimamo gani, ujumbe unaifaa vipi jamii? Kwa kipimo hicho mkanda huu ungepata alama zote ndani ya dakika tano, ukafungwa, ukasahauliwa. Maana ujumbe wake wote unaenea kwenye kitambaa kile, ambacho kwa Kiswahili kingesomeka hivi: Midnight Oil hukufanya ucheze, mafuta ya Exxon hutufanya tuugue. Kwisha. Hayo ni maneno ya kanga, tena kanga ya mtu aliyekwisha kuchoka kuvumilia. Kama sanaa ya mkanda huu ingekuwa katika maneno hayo tu, ningekuwa nimepoteza muda wangu na wa msomaji.

Sanaa yake iko mahali. Wimbo uleule ukipigwa uwanjani mbele ya watu waliolipa kiingilio ni kitu kimoja. Ukipigwa mlangoni pa anayelengwa, saa ya chakula cha mchana, wakati makarani wake wanashuka kutafuta mkate wao, ni kitu kingine kabisa. Wanawake wa taarabu wanalijua hili kuliko mhakiki yeyote. Mpasho hauna makali ukiimbwa chumbani; makali yake ni kwamba mhusika yupo, amesikia, na kila aliyepo anajua kuwa amesikia. Vijana hawa wa Sydney hawakujifunza kwetu, la hasha, lakini walifikia hekima ileile kwa njia yao.

Na lori! Mimi nimekulia katika nchi ya malori ya aina hiyo. Nikiwa mwanafunzi nilipanda lori lililopambwa kwa makuti mimi na wenzangu wa kwaya ya shule, tukazungushwa mjini siku ya sikukuu tukiimba sifa za mgeni ambaye hatukumjua, na ambaye hakusimama kutusikiliza. Jua lilikuwa kali na tulipewa soda moja kwa watu wawili. Sisemi kwamba tulilazimishwa, tulifurahi sana. Ila katika akili yangu lori lenye waimbaji lilibaki kuwa chombo cha kumsifu aliye juu. Mara ya kwanza nilipouona mkanda huu, kilichonishtua hakikuwa gitaa, wala upara wa mwimbaji, bali ni kule kuona lori limegeuzwa: limeegeshwa chini ya jumba la mkubwa ili kumwambia kwamba amekosa. Kumbe inawezekana, nilisema moyoni. Chombo ni kilekile.

Kuhusu jina la bendi, hapa pana utani ambao huenda wao wenyewe hawakuukusudia. Waingereza husema mtu anachoma mafuta ya usiku wa manane wakimaanisha kwamba anakesha na kazi au na vitabu. Sisi tuliosoma kwa koroboi hatuhitaji kufafanuliwa msemo huo. Tunao moshi wake puani hadi leo. Lakini mafuta ya taa ya koroboi hutoka kwenye mapipa yaleyale ya mafuta ghafi. Lori lile nalo halikuendeshwa kwa maji, na mkanda wa video wenyewe ni plastiki iliyotokana na mafuta. Wapo watu hodari wa kuonyesha kidole hapo na kusema: mnaona, wanafiki hawa! Hoja hiyo ni nyepesi mno. Mtu anayekula samaki anayo haki, tena kubwa kuliko ya asiyekula, kulalamika mvuvi anapotumia baruti.

Nije kwenye muziki. Wanamuziki ni watano. Mwimbaji ni Peter Garrett, mtu mrefu karibu mita mbili, kichwa kimenyolewa, mwanasheria kwa kisomo, ambaye mwaka 1984 aligombea useneti kwa tiketi ya chama kidogo cha kupinga silaha za nyuklia na akaukosa kwa tofauti ndogo. Magitaa yako kwa Jim Moginie na Martin Rotsey. Besi kwa Bones Hillman, aliyetoka New Zealand na ambaye alifariki mwaka 2020. Ngoma kwa Rob Hirst. Kamera inampenda Garrett kupita kiasi, na kosa hilo ni la karibu video zote za aina hii: anayeimba huonekana ndiye anayefanya kazi. Lakini funga macho usikilize, utamgundua mwenye lori hasa. Ni Hirst. Ngoma zake hazifuati wimbo, zinausukuma kama watu wanaosukuma gari lililokwama matopeni, na sauti yake ya kuitikia ndiyo inayouzuia uimbaji wa Garrett usigeuke kuwa mahubiri.

Maana Garrett, tuseme ukweli, si mwimbaji mwenye sauti tamu. Hubweka zaidi ya kuimba. Wala kucheza kwake si kucheza. Anatupa mikono, anakunja magoti, anageuka ghafla kama mtu aliyekanyaga njia ya siafu. Nilipomwona mara ya kwanza nilicheka. Baadaye niliacha kucheka nikaanza kuona faida yake. Mwili wa aina ile hauwezi kushukiwa kwamba umekuja kutamanisha au kuuza kitu. Katika muziki wa roki, ambamo mwimbaji aghalabu hujiuza yeye kwanza na wimbo baadaye, huo ni usafi fulani.

Mpangilio wa nyimbo umefikiriwa vizuri kuliko unavyoonekana. Msomaji anaweza kutarajia kwamba watu waliokuja kuisuta kampuni ya Marekani wangeanza na kumaliza na dhambi za Marekani. Sivyo. Umo wimbo wa Dreamworld, ambao unatoka katika hasira ya kubomolewa kwa majengo ya kale katika jimbo la Queensland, likiwemo jumba la dansi la Cloudland lililovunjwa mwaka 1982. Umo Blue Sky Mine, wimbo uliokuwa mpya mwaka ule, ambao mizizi yake iko Wittenoom, Australia ya Magharibi, ambako wachimbaji walivuta vumbi la asbesto ya buluu mpaka mgodi ulipofungwa mwaka 1966, na wakaendelea kufa kwa maradhi ya mapafu miaka mingi baada ya hapo. Kwa hiyo wageni hawa wamefika mlangoni kwa mtu wakiwa wamebeba kwanza aibu ya nyumbani kwao. Hilo ndilo linalonifanya niwaamini. Ni rahisi mno kuvuka bahari kwenda kuhesabu makosa ya wengine. Hawa wanasema: sisi tunalijua hili, kwetu pia kampuni iliwaua wafanyakazi wake polepole, na tumeshaliimba.

Upo pia wimbo uitwao Sometimes, ambao ni wa watu waliopigwa chini wakakataa kubaki chini. Hapo ndipo penye kilele cha mkanda. Bendi inaongeza kasi, Hirst anashambulia ngoma, sauti inagonga kuta za majumba na kurudi kama mwangwi wa korongoni. Umati umeziba barabara. Wapo waliokuja makusudi, na wapo, nina hakika, waliokuwa wakipita tu na bahasha zao mkononi. Ninawapenda hawa wa pili. Hawakuchagua kuwa hadhira. Katika maonyesho yote ya siasa niliyopata kuyaona, jukwaani au katika video, hadhira ni watu wanaokubaliana tayari na mwimbaji, na kazi yao ni kupiga makofi wanapotajiwa wanachokijua. Hapa angalau sehemu ya wasikilizaji iliokotwa njiani.

Wimbo wa mwisho sikuupenda. Ni Instant Karma! wa John Lennon, wa mwaka 1970. Naelewa kwa nini waliuchagua: Lennon aliishi New York, akauawa mbele ya nyumba yake mwaka 1980, si mbali na pale lori lilipoegeshwa, na kila mpita njia wa jiji lile angeweza kuuitikia. Lakini baada ya nyimbo zenye anwani, zenye majina ya watu na migodi, tunapewa wimbo usio na anwani, wimbo wa wote kung'aa pamoja. Ni kama mtu aliyekwenda kudai deni lake, akasema maneno makali ya haki, kisha akamalizia kwa kuwakaribisha wote chai.

Lipo pengo kubwa kuliko hilo. Juu ya lori hakuna mvuvi wa Cordova. Hakuna mtu wa vijiji vya wenyeji asilia wa Alaska ambao chakula chao chote kilitoka katika maji yale. Walioathirika wanasemewa na watu wa kusini mwa dunia ambao bahari yao haikuguswa na tone. Najua jibu: wavuvi hawakuwa na lori New York wala jina la kuwavutia wenye kamera. Ni kweli. Bado, kila nikiutazama mkanda namtafuta mtu mmoja tu mwenye harufu ya samaki mikononi, apewe kipaza sauti kwa dakika mbili, hata kwa kigugumizi. Midnight Oil walilijua jambo hili, maana mwaka 1986 walizunguka vijiji vya jangwani Australia pamoja na Warumpi Band, bendi iliyokuwa na wanamuziki Waaborijini, na safari ile ndiyo iliyozaa albamu yao kubwa ya Diesel and Dust ya mwaka 1987. Walipokwenda kuimba juu ya ardhi ya watu, walikwenda na wenye ardhi. Juu ya lori la New York walikwenda peke yao.

Sasa nifike palipo na mgogoro. Garrett aliiacha bendi mwaka 2002, na mwaka 2004 akachaguliwa kuwa mbunge kwa tiketi ya chama cha Labor. Kambi ya kijasusi ya Pine Gap, inayoendeshwa pamoja na Wamarekani, ambayo zamani alidai ifungwe, akaikubali kama chama chake kilivyoikubali. Mwaka 2007 chama kikashinda, naye akawa waziri wa mazingira. Na mwezi Julai 2009 mkono uleule uliokuwa ukitupwatupwa juu ya lori ulitia saini kuruhusu mgodi mpya wa urani, Four Mile, Australia ya Kusini. Urani! Jambo ambalo alikuwa amelipinga tangu ujana wake. Kisha ukaja mpango wa serikali wa kuweka vizuia joto kwenye dari za nyumba, uliokuwa chini ya wizara yake, ambamo vijana wanne wafanyakazi walipoteza maisha, na akaondolewa kwenye jukumu hilo mwaka 2010.

Wapo wasemao kwamba baada ya hayo mkanda huu haufai tena kutazamwa, eti umegeuka uongo. Mimi sikubaliani nao, ila si kwa sababu wanayoidhania. Sitaki kumtetea waziri. Hata ningetaka, ningekuwa na la kusema: ni katika kipindi chake, mwezi Mei 2010, Australia ilipoishtaki Japani katika Mahakama ya Kimataifa ya Haki kwa ajili ya uvuvi wa nyangumi, na mwaka 2014 ikashinda. Nyangumi wangapi wanaulipia mgodi mmoja wa urani? Hesabu hiyo sina, wala siamini kwamba ipo.

Sababu yangu ni hii. Mtu aliye juu ya lori ana uwezo mmoja tu, wa kusema hapana. Ni uwezo mkubwa, lakini hauna faili, hauna bajeti, hauna mwenzake wa baraza la mawaziri anayesubiri jibu. Anayeingia ofisini hupewa kalamu, na kalamu inaandika ndiyo na hapana zote mbili. Wengi wetu tuliwahi kuwaona waimbaji wetu wenyewe na washairi wetu wakiitwa ofisini, na tulihuzunika au tulifurahi kulingana na tulivyowapenda. Lakini hapana iliyosemwa tarehe 30 Mei 1990 haikuwa mali ya Garrett peke yake ili aweze kuifuta miaka 19 baadaye. Ilikuwa ya Hirst, ya Hillman, ya karani aliyesimama na bahasha yake. Mafuta yalimwagika kweli. Wittenoom ilikuwa kweli.

Hata hivyo sidai kwamba mkanda haujabadilika. Umebadilika. Zamani niliutazama kama mtu anayetazama ushujaa. Sasa naona kitu ambacho kamera haikujua kwamba inakirekodi, yaani mtu mwenye umri wa miaka 37 ambaye bado hajalazimika kuchagua. Furaha yake ile ya kurukaruka ni furaha ya mtu asiye na saini. Kwa maoni yangu video imekuwa bora zaidi kwa sababu hiyo, na inauma zaidi.

Wapo wanaopenda kuilinganisha na usiku wa tarehe 1 Oktoba 2000, bendi hii ilipopiga Beds Are Burning katika kufunga michezo ya Olimpiki mjini Sydney, wote wakiwa wamevaa nguo nyeusi zilizoandikwa neno la kuomba radhi kwa Waaborijini, mbele ya waziri mkuu John Howard ambaye alikuwa amekataa kulitamka. Hadhira ya usiku ule ilikuwa ya dunia nzima. Lilikuwa jambo la kijasiri, na radhi yenyewe ilikuja kuombwa bungeni tarehe 13 Februari 2008 na Kevin Rudd, Garrett akiwa waziri wake. Pamoja na hayo yote, mimi nachagua lori. Kule Sydney walialikwa, wakawashwa taa, wakalindwa. Kwenye barabara ya sita hakuna aliyewaandalia kiti.

Na Exxon? Wavuvi walikwenda mahakamani. Mwaka 1994 baraza la wazee wa mahakama liliamuru kampuni ilipe fidia ya adhabu ya dola bilioni 5. Kampuni ikakata rufaa, ikakata tena, mpaka mwaka 2008 Mahakama Kuu ya Marekani ilipoipunguza ikabaki dola milioni 507.5. Miaka 19 ilikuwa imepita tangu meli ipasuke, na baadhi ya waliodai walikuwa wamekwisha kufa. Ukichimba kokoto katika sehemu fulani za pwani ile bado utakuta mafuta. Makao makuu ya kampuni yalikwisha kuhamia Texas, na jumba la ghorofa 54 bado lipo New York likiwa na wapangaji wengine. Ukiutazama mkanda, angalia madirisha ya juu kila kamera inapoinuka. Ni mengi mno kuyahesabu, na vioo vyake havionyeshi kama nyuma yake kuna mtu anayesikiliza.